Kamati ya Hewa

Ndugu zangu walisema nitarudi kutoka ng'ambo na sanduku la nguo na lafudhi ya kigeni, basi. Walisema stashahada yangu itatundikwa ukutani ndani ya fremu mpaka mchwa waisome. Waliposikia ninachotaka kufanya ndipo walipochangamka zaidi. Nilitaka kutengeneza hewa ya kupumulia chini ya bahari na kuiuza, na nilitaka kuitengenezea Picha ya Ndege, Kibaha, mahali ambapo ukipanda juu ya nyumba ndefu kuliko zote huoni bahari. Unaona malori.

"Bahari iko wapi hapa?" aliniuliza shemeji yangu wa Visiga, kaka wa mke wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Bahari haihitajiki. Inahitajika hewa safi, umeme, na mtu anayejua."

"Huyo anayejua ni nani?"

"Unaongea naye, shemeji."

Sijui kujishusha, na sioni kwa nini nijifunze sasa. Niliondoka Kisarawe na cheti cha kidato cha nne na jozi moja ya viatu. Nikafika mji mmoja wa watalii kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, nikapewa kazi ya kusuuza suti za mpira za wapiga mbizi na kufagia chumvi sakafuni. Ukuta wa pili kulikuwa na chumba cha kompresa, mashine ya kushindilia hewa ndani ya mitungi. Nilianza kwa kuchungulia. Kuchungulia kukawa kusaidia, kusaidia kukawa kazi, na jioni nikawa nakwenda chuo kwa ada niliyoilipa mwenyewe, kwa lugha ambayo hakuna aliyenifundisha nyumbani. Nikatoka na stashahada ya ufundi wa mitambo ya gesi. Siisemi kwa kunong'ona.

Huko ndiko nilikokutana na hewa iliyoongezwa oksijeni, ambayo wapiga mbizi wanaiita naitroksi. Nieleze kwa kifupi, maana nimeieleza mara nyingi mpaka naweza kuieleza nikiwa usingizini. Hewa hii tunayovuta mimi na wewe, sehemu kubwa ni naitrojeni, na oksijeni ni kama fungu moja kati ya mafungu matano. Ukizama, naitrojeni inajipenyeza mwilini, na kadiri unavyokwenda chini na kukaa ndivyo inavyojaa. Ukikaa mno kisha ukapanda, inatoka kama povu la soda iliyotikiswa, na povu hilo liko ndani ya damu na viungo vyako. Ndiyo maana kila mpiga mbizi ana muda wake wa kukaa chini, na saa yake ya mkononi inamhesabia. Sasa ukiongeza oksijeni ndani ya mtungi, naitrojeni inapungua, na muda wako unaongezeka. Hakuna uchawi hapo.

Mara ya kwanza kuivuta, nikiwa nimeshajifunza kuzama, nilikuwa mita ishirini na kitu, nyuma ya kasa mkubwa aliyekuwa anatembea zake bila haraka. Mwenzangu, aliyekuwa na hewa ya kawaida, akanionyesha kidole gumba juu, ishara ya kupanda. Muda wake ulikuwa umekwisha. Nikatazama saa yangu, nikaona bado nina nafasi ya kutosha kumfuata yule kasa hadi alikokuwa anakwenda. Nilipanda pamoja na mwenzangu, kwa sababu huko chini humwachi mtu, lakini moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Nilijua nimeona kazi yangu.

Akiba yangu ilinunua kiwanja Picha ya Ndege na kompresa iliyotumika. Ikabaki kununua mitungi, mabomba yaliyosafishwa kwa ajili ya oksijeni, na vipimo. Hapo nikafanya jambo ambalo chuo hakikunifundisha. Nikaitisha kamati.

Kwetu mtu akitaka kuoa huitisha kamati ya harusi: mwenyekiti, katibu, mhazini, vikao vya Jumapili, na ahadi za michango zinazotamkwa mbele ya watu ili uone aibu kurudi nyuma. Mimi nilioa kimya kimya ofisini kwa mkuu wa wilaya, na ukoo ulikuwa haujanisamehe. Nikajiuliza, kama watu hawa wanaweza kuchangia sherehe ya usiku mmoja, watashindwaje kunikopesha kwa utaratibu uleule? Tofauti ingekuwa moja tu: mimi ningerudisha.

Tulikutana Kisarawe, uani kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anayeuza muhogo sokoni. Alichaguliwa mhazini kabla hajakaa. Mjomba wangu, kaka wa mama, mkulima wa korosho, akawa mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyekuja na koti. Na mtani wetu, Mnyamwezi mmoja mstaafu aliyejenga Kisarawe miaka mingi iliyopita, akaingia bila kualikwa kama ilivyo haki yake, akavuta kiti cha mbele kabisa.

"Bibi harusi nani?" akauliza.

"Kompresa," shangazi akamjibu.

"Ana umbo?"

"Mzito. Kumshusha kwenye gari wanaume walikaa chini kupumua."

"Ndiyo wake zenu hao." Akanigeukia. "Nyie Wazaramo mmeuza minazi, mmeuza viwanja, mmebaki na kivuli cha nyumba. Sasa mnauza hewa."

"Na wewe utaibeba, mtani," nikamwambia. "Mnyamwezi hajawahi kuona mzigo akaupita."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote, kisha akaahidi kiasi cha kueleweka kabisa. Alisema anatoa ili awe na haki ya kuja kunitukana kila wiki.

Aliyeuliza swali la maana alikuwa mjomba. Alikuwa amejenga nyumba yake kidogo kidogo, korosho za mwaka hadi mwaka. Kuta zilikuwa zimekwisha, kenchi zilikuwa zimepanda, na fedha ya bati ilikuwa tayari. Hiyo fedha ya bati ndiyo aliyokuwa ameishika.

"Mpwa wangu," akasema, "hiyo hewa inamfaa nini mtu? Nijibu polepole. Hapa nakukabidhi paa langu."

Nilikuwa nimekolea. Nilisimama, nikasema kwa sauti ya kutosha uani kote kwamba hii ni hewa bora kuliko hewa. Wakapiga makofi. Mjomba akatoa fedha ya bati, akafunika kenchi zake kwa turubai, na akatangaza kwamba masika ya mwakani yakimkuta hana bati, atahamia na mkewe na watoto ndani ya karakana yangu, alale ubavuni mwa huyo bibi harusi. Watu walicheka. Mimi nilijua hatanii.

Shangazi naye hakukubali kuwa mhazini wa kitu asichokiona. Alifika Picha ya Ndege na kanga zake, akachukua chumba cha nyuma, akasema ataondoka kamati ikivunjwa.

Hiyo miezi ya kujenga karakana ilikuwa mitamu. Nilijenga kwa mikono yangu, na mpaka leo nikiingia mle nagusa ukuta. Bomba la kuvuta hewa nililipandisha juu kuliko mnazi wa jirani, mbali na moshi wa malori, kwa sababu moshi ukiingia kwenye mtungi unamuua mtu huko chini bila yeye kunusa chochote. Jirani aliyekuwa anakaanga chipsi upande upepo unakotoka nilimjengea kibanda kipya upande wa pili, akapata wateja zaidi. Siku mitungi mikubwa ya oksijeni iliposhushwa, wanawake wa mtaa walianza kuja mmoja mmoja na nyuso za huzuni, na mmoja alibeba chupa ya uji. Walikuwa wameona oksijeni inaingia ndani ya nyumba na hakuna aliyetoka, wakajua tuna mgonjwa mahututi. Shangazi aliupokea uji, akashukuru kwa niaba ya mgonjwa, akaunywa.

Oksijeni safi na mafuta ni maadui. Tone la mafuta likikutana na oksijeni iliyoshindiliwa, panawaka. Kwa hiyo mlangoni niliweka ndoo, sabuni na taulo, na hakuna aliyepita bila kunawa hadi kwenye viwiko. Shangazi alilipenda hilo sharti. Alinawa kama anatia udhu, akavaa kilemba kisafi, akasimama kwenye vipimo kama askari. Mjomba alipokuja kukagua paa lake, maana ndivyo alivyoiita karakana yangu, alikuja na mihogo ya kukaanga kwenye gazeti. Shangazi alimzuia mlangoni kwa mkono mmoja.

"Mwenyekiti, rudi nyuma."

"Mimi nina fedha humu ndani."

"Na vidole vyako vina mafuta. Unataka kuunguza fedha yako?"

Alikagua kupitia dirishani, akitafuna.

Sasa ilibaki kumpata wa kununua. Kwenye fukwe za kaskazini mwa Dar kulikuwa na dada mmoja mwenye kituo cha kupiga mbizi, mkavu wa maneno, ambaye wenye vituo vingine walimsikiliza. Alikuwa na kompresa yake ya hewa ya kawaida. Naitroksi hakuwa nayo wala hakuitaka. Nilimfuata mara kadhaa mpaka akanikalisha.

"Kaka, mimi nimeshauziwa sana," akasema. "Mmoja alikuja hapa akaniambia ukivuta hii huchoki. Mwingine akaniambia mtu anaweza kwenda chini zaidi. Wewe umekuja na lipi?"

"Huyo wa pili ungemfungia geti," nikamjibu. "Ni kinyume chake. Oksijeni ikizidi, ukienda chini sana inageuka sumu. Mtu anashikwa degedege majini, kifaa cha kupumulia kinamtoka mdomoni, na habari yake imekwisha. Kila mchanganyiko una kina chake cha mwisho. Ninaokuletea mimi una oksijeni thelathini na mbili kwa mia. Kina chake cha mwisho ni mita thelathini na ushee. Hapo hapavukwi."

"Na hilo la kutochoka?"

"Wengi wanaapa hivyo. Hata mimi huwa najisikia mwepesi. Lakini siwezi kukuuzia kitu ninachojisikia."

Kisha akatoa sharti lake: nilete mitungi minne, siku moja, tuzame mara mbili. Mimi na yeye tuvute naitroksi, waongozaji wake wawili wavute hewa ya kawaida, kina kimoja, mahali pamoja. Akiona tofauti, atachukua mitungi kila wiki na kuwaambia wenzake. Asipoona, nisimpigie simu tena.

Nilirudi Kibaha naimba. Vuli ilikuwa imeshaanza, na mjomba alikuwa anapiga simu kila mvua inaponyesha, bila salamu ndefu. "Turubai limetoboka upande wa jikoni," anasema. Au, "Leo tumelala na ndoo." Nilimwambia ndoo zake zinakaribia kustaafu.

Jioni ya kuamkia safari tulijaza mitungi. Kazi ilikuwa hivi: kwanza unaingiza oksijeni kwenye mtungi mtupu mpaka mshale wa kipimo ufike mstari fulani, ndipo unaushindilia hewa ya kawaida mpaka ujae. Mstari huo niliuchora kwa rangi nyekundu. Nilimweka shangazi kwenye oksijeni, mimi nikashughulika na kompresa iliyokuwa imeanza kukohoa. Kila baada ya muda nilimsikia akisema, "Tayari," kwa sauti ya mtu aliyeridhika na kazi yake. Nilipanga kupima pale pale ufukweni, kwa sababu sheria ya naitroksi dunia nzima ni kwamba anayezama ndiye anayepima mtungi wake kwa mkono wake na kusoma kwa macho yake, na nilitaka yule dada aone ninavyoifuata.

Alfajiri tukapakia kwenye kirikuu cha kukodi, kigari kidogo cha mizigo. Shangazi aliipangusa mitungi kwa kitambaa, akaigongagonga kidogo kama anaaga wageni.

Ufukweni walikuwa wanatusubiri, yule dada na waongozaji wake wawili, watu wazima waliokula chumvi nyingi ya bahari, wenye sura za kusubiri kichekesho. Nikatoa kipimo changu cha oksijeni. Nikakionyesha kwanza hewa ya kawaida, kikasoma sawasawa. Nikakifunga kwenye mtungi wa kwanza, nikamkabidhi yule dada asome mwenyewe.

"Arobaini," akasema.

Nilidhani anatania. Nikatazama. Arobaini. Nikafungua, nikakirudisha kwenye hewa ya kawaida, kikasoma vizuri kabisa. Mtungi wa pili, thelathini na tisa. Wa tatu, arobaini na moja. Wa nne arobaini. Mmoja wa waongozaji akakohoa, na nilijua hicho si kikohozi.

Nikasogea pembeni nikapiga simu nyumbani.

"Shangazi, shikamoo. Ule mstari mwekundu, jana ulisimama wapi?"

"Marahaba, baba. Nilisimama mstarini."

"Hasa pale?"

"Pale pale. Halafu nikaweka nyongeza."

"Nyongeza gani?"

"Nyongeza ya kawaida tu, vidole viwili. Hao ni wateja wako wa kwanza. Ungewapa iliyokwanguliwa? Mimi sokoni sijawahi kumpa mtu fungu bila kuongeza kipande juu, ndiyo maana wanarudi. Na wewe si ulisema ni hewa bora?"

Kwa muhogo alikuwa sahihi miaka yake yote. Nikamwambia tutaongea, nikarudi kwenye mitungi.

"Kumetokea nini?" dada akauliza.

Nikamweleza kama ilivyokuwa, nyongeza na vidole viwili. Waongozaji walicheka mpaka wakajishika magoti. Yeye hakucheka.

"Lakini hiyo si ndiyo nzuri zaidi?" akasema. "Umesema oksijeni ikiongezeka muda unaongezeka. Boti iko tayari, bahari imetulia. Twende nayo hivyo hivyo."

Mahali tulipopanga kuzama palikuwa mita ishirini na nane. Kwa mchanganyiko ule kina cha mwisho kilikuwa mita ishirini na tano. Tofauti ya mita tatu tu, na mimi nilikuwa na turubai lililotoboka linanisubiri Kisarawe, na mwanamke ambaye alikuwa amesema nisimpigie tena.

"Hapana," nikamwambia. "Mitungi hii leo haiendi huko chini. Ukitaka tubadilishe mahali, twende kwenye matumbawe ya juu, mita kumi na mbili. Itakuwa salama, lakini hutaona tofauti yoyote, na nitakwambia sasa hivi kwa nini. Kina kile, hata na hewa ya kawaida, mtungi unakuishia kabla muda haujakuishia. Mgeni wako wa matumbawe ya juu, naitroksi ni kumtupia fedha yake baharini."

"Kwa hiyo hutaki nimuuzie?"

"Huyo, usimuuzie."

"Na leo tunafanyaje?"

"Nipe kompresa yako mpaka saa sita."

Akawaambia waongozaji wafungue chumba cha kompresa. Nikapunguza kila mtungi mpaka ukabaki na zaidi kidogo ya nusu, nikaujaza tena kwa hewa ya kawaida, nikaacha upoe, nikampa kipimo. Nilikuwa nimevua shati na jasho linatiririka, na ninasema bila haya kwamba ile hesabu niliifanya kichwani. Akasoma mmoja baada ya mwingine. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili nukta moja, akatikisa kichwa kama anayelalamikia hiyo nukta. Wa mwisho thelathini na mbili. Akaandika kwa mkono wake kwenye utepe wa kila mtungi, pamoja na kina cha mwisho.

Tukazama. Maji yalikuwa ya kijani kilichochujwa, na ukuta wa matumbawe umejaa samaki wa manjano waliokuwa wanageuka wote kwa pamoja. Tulikaa mita ishirini na nane, wanne, kama tunasubiri basi. Waongozaji wakatazama saa zao, wakatoa vidole gumba juu. Dada akatazama yake, akatazama yangu, akanitazama mimi. Bado tulikuwa na muda. Tukapanda wote. Juu ya boti nilitaka kuanza kusema, akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Tofauti ipo," akasema. "Si kubwa hivyo. Na mtungi wangu ulikuwa unaelekea kwisha."

"Kweli. Naitroksi haiongezi hewa ndani ya mtungi. Anayepumua kama anakimbizwa itamwishia vilevile. Subiri ya pili."

Tukala wali na samaki, tukapumzika, tukarudi. Hapo ndipo nilipotaka tufike. Waongozaji walikuwa bado wamebeba naitrojeni ya mzamo wa kwanza mwilini, na saa zao ziliwapa muda mfupi wa kusikitisha. Walifika chini, wakageuka kidogo, wakaanza kutazama mikono yao. Sisi tulikuwa na muda wa kutosha, karibu mara mbili ya muda wao. Yule dada alinishika kiwiko huko chini, akanionyesha saa yake karibu na kinyago changu kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijui. Ningeweza kucheka mpaka nikanywa maji. Nilitaka kupiga makofi, na nakuambia nilipiga, ingawa makofi ya chini ya maji hayasikiki.

Kwenye mchanga alikunja suti yake, kisha akaanza kupanga, kama mtu anayepanga vyombo.

"Mgeni wa siku moja, wa matumbawe ya juu, hapana. Anayejifunza, hapana. Wapiga picha, wale wanaokaa mbele ya konokono mmoja, ndiyo. Wanaozama mara mbili tatu kwa siku wiki nzima, ndiyo. Wazee wanaotaka kubaki na nafasi ya usalama hata kama hawaongezi muda, ndiyo. Na hawa wangu," akaonyesha waongozaji, "wanaoshuka kila siku ya Mungu, hao wa kwanza kabisa. Wote wasome kozi yake kwanza."

"Umesema yote niliyotaka kusema."

"Wewe ulitaka kusema zaidi ya hayo. Umejizuia." Akanipa mkono. "Ungekubali twende na ile arobaini, leo ungepakia mitungi yako na tusingejuana tena. Nilikuwa nakupima na wewe."

Nilivyorudi Kibaha siwezi kueleza. Dereva wa kirikuu aliniomba mara mbili nipunguze sauti. Shangazi alikuwa amekaa mlangoni pa karakana, hajala. Nikamkalisha, nikamweleza degedege ni nini huko chini, na kwamba oksijeni ni kama dawa ya hospitali, kipimo chake ndicho wema wake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Basi ungesema ni dawa," akasema. "Ulisema ni bora. Kitu bora mtu anaongezewa."

Tangu siku hiyo sijatamka tena hewa bora. Nasema hewa iliyopimwa. Na napima mara mbili, hapa na kule, na shangazi ndiye anayesoma kipimo cha hapa, na mkono wake kwenye valvu ya oksijeni hautetereki hata unywele.

Msimu wa kaskazi, maji yalipokuwa maangavu na wageni wamejaa, mitungi ilikuwa inatoka Picha ya Ndege kila wiki. Yule dada aliwaambia wenzake kama alivyoahidi, na wawili wakaja wenyewe hadi Kibaha kuangalia, wakanawa mikono mlangoni kama watu wote. Nikaajiri fundi. Nikanunua kirikuu changu. Nilisema nitaweza, nikaweza.

Kamati ya harusi ikimaliza kazi huvunjwa kwa sherehe, kwa hiyo na mimi niliivunja yangu. Niliwaita wote Kisarawe, kwa mjomba, mawingu ya masika yakiwa tayari yamekaa juu ya milima ya Pugu. Shangazi, ambaye habari ya kuondoka Picha ya Ndege hakuitaja tena, alisoma jina la kila aliyenikopesha, na kila mmoja alisimama akapokea chake mbele ya watu, kama alivyokiahidi mbele ya watu. Shemeji wa Visiga, ambaye mwishowe naye alichangia, alipokea akasema bahari bado haioni. Mtani alipokea, akainusa fedha, akauliza kama nayo imeongezwa oksijeni, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa ameshaihesabu kama imepotea. Mjomba sikumpa fedha. Bati zilikuwa zimepanda bei, na fedha ileile isingefunika nyumba ileile, kwa hiyo nilimletea bati zenyewe, kirikuu kimejaa, na misumari, na mafundi wawili. Alipitisha mkono juu ya bati la kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, akawaambia mafundi waanze upande wa jikoni.

Wakaniomba nitoe neno. Nilikuwa nimejiandaa. Nilianza na jinsi nilivyoondoka, nikafika Bahari ya Shamu, nikaanza kueleza stashahada, na pilau ikawa inapoa mbele ya watu, na juu ya vichwa vyetu mafundi wakigongelea misumari kwa nguvu kiasi kwamba waliokaa nyuma hawakunisikia. Kila walipogonga nilinyamaza. Walipochukua msumari mwingine niliendelea.